Macho ya Katibu na Hesabu za Mkulima



Zamani karani wa chama alifanya kazi kwa daftari, mizani na kalamu ya wino. Macho yake yalihama kila mara kutoka kitabuni hadi kwenye mizani, na kutoka hapo hadi kwa mkulima aliyesimama mbele yake. Leo vyama vingi huingiza uzito na malipo katika kompyuta, na wakati wa msimu karani hukaa tangu asubuhi hadi jioni akitazama kioo kwa umbali ule ule. Macho huwasha, maandishi hufunikwa na ukungu, kichwa huuma. Hapo ndipo 3 husomwa kuwa 8, na mkulima akapunjwa kilo zake pasipo mwizi yeyote.

Kioo hicho hakipofushi, na hofu hiyo iondolewe. Kwa kawaida mtu hupepesa macho mara 15 hivi kwa dakika. Akitazama kompyuta hupepesa chini ya nusu ya hapo, na machozi yanayolainisha jicho hukauka. Tena misuli ya jicho hukazwa bila kulegezwa. Basi kila baada ya dakika 20 karani atazame kitu kilicho mbali kiasi cha meta 6, kwa sekunde 20. Mwembe ulio nje ya ofisi watosha. Kioo kikae umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu usizidi usawa wa macho, na dirisha liwe ubavuni. Haya hayagharimu hata senti.

Lenye gharama ni miwani, na hapo ndipo Bodi nyingi husita. Mtu akaribiapo miaka 40, lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu, na makatibu wengi wamekwisha kuupita umri huo. Miwani ya kusomea hupimwa kwa umbali wa kitabu, yaani sentimeta 40 hivi, ilhali kompyuta iko mbali zaidi. Ndiyo maana katibu huinamia meza hadi shingo ikauma. Amweleze mpimaji umbali wa kioo chake. Katika jimbo la Assam, India, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa wachuma chai wa miaka 40 na zaidi waliopewa miwani waliwazidi wenzao kwa asilimia 22 hivi katika uchumaji. Ikiwa jani la chai ladai miwani, sembuse tarakimu?

Ile miwani inayosifiwa kuwa huzuia mwanga wa buluu haijathibitika kupunguza uchovu, na fedha za wanachama zisipotee huko. Dawa ya matone isinunuliwe kwa kubahatisha. Jicho likiuma sana, au uwezo wa kuona ukapungua ghafla, mtu aende hospitali siku hiyo hiyo.

Gharama ya kupima macho ya watumishi iingizwe katika makisio yatakayopelekwa mbele ya mkutano mkuu, kabla mizani ya msimu haijafunguliwa.