Choki Nje, Miche Ndani

Msikilizaji, mwenye maabara ya miche ya migomba hununua umeme mara mbili. Kwanza huununua ili taa ziwake, kisha huununua tena ili kiyoyozi kitoe nje joto la taa hizo hizo. Gharama hiyo ya pili ndiyo ninayotaka tuizungumze leo. Sehemu yake inaweza kupunguzwa kwa waya, feni ndogo na kazi ya fundi umeme anayejua kazi yake, na kinachookolewa hapo kingeweza kushusha bei ya mche anaouziwa mkulima wa Kagera, Rungwe au Murang'a.

Kwa asiyeifahamu kazi hii, miche ya chupa huanza na kipande kidogo cha moyo wa chipukizi la mgomba. Kipande hicho husafishwa, hukatwa, hupandwa ndani ya chupa yenye chakula kilichogandishwa, na humo huzaa machipukizi mengine tena na tena kwa miezi kadhaa. Mkulima anautaka mche huo kwa sababu unamfikia bila fukusi, bila minyoo ya mizizi, bila mnyauko ambao umemaliza migomba ya watu wengi katika eneo la Maziwa Makuu. Muda wote huo chupa hukaa kwenye rafu, ndani ya chumba kilichofungwa, taa zikiwaka saa 16 kwa siku na joto likitakiwa kubaki karibu na nyuzi 26. Dar es Salaam mwezi wa Februari, hewa ya nje peke yake huvuka nyuzi 30.

Mtu anayeanza na mtaji mdogo, awe anaotesha migomba ya chupa au miche ya nyanya kwenye chumba cha nyuma, hukimbilia enaji seva, zile balbu za mirija iliyojikunja. Kwa miaka mingi zilikuwa rahisi kupatikana. Serikali za Uganda na Kenya ziliwahi hata kuzigawa bure kwa wananchi, mamia ya maelfu ya balbu, ili kupunguza mzigo wa umeme saa za jioni. Na ni kweli kwamba zinapoa kuliko balbu za zamani za uzi. Lakini hebu tupige hesabu. Rafu zenye balbu 40 za wati 25 zinakula kilowati 1. Kwa saa 16, hizo ni uniti 16 kila siku. Mwanga wenyewe ni kama robo ya umeme huo, au pungufu ya hapo. Kinachobaki ni joto tangu mwanzo, na hata ule mwanga, ukishapiga majani, chupa na kuta, nao huishia kuwa joto. Kiyoyozi kizuri hutumia kama uniti 1 kutoa nje uniti 3 za joto. Basi ongeza uniti 5 na ushei, kila siku, mwezi baada ya mwezi.

Kwa hesabu hiyo, sikubaliani na wanaofundisha kwamba ukitoboa matundu kwenye kitako cha balbu utapunguza joto la chumba. Matundu yanaweza kuvisaidia vifaa vilivyomo ndani ya kitako vipumue, lakini joto lile lile linabaki ndani ya kuta nne, na sasa kuna tundu ambalo tone la maji au ncha ya waya inaweza kupita. Kwenye chumba kinachomwagiliwa, hilo ni jambo la kuua mtu.

Joto linapungua pale tu linapohamishwa. Ndani ya kitako cha kila enaji seva kuna saketi inayowasha na kudhibiti mrija, yaani choki kwa lugha ya mafundi. Hiyo peke yake hula takriban sehemu moja ya kumi ya umeme wa balbu. Choki za zamani za sumaku, zile nzito zinazonguruma kwenye taa ndefu, hula zaidi: taa ya wati 36 ikiwa na choki ya aina hiyo huvuta karibu wati 45. Wati hizo 9 haziupi mmea mwanga wowote. Choki ikifungwa ukutani upande wa pili, kwenye korido yenye hewa, kiyoyozi hakitaliona kamwe joto lake. Kwenye vyumba vya kukuzia miche huo ni utaratibu wa siku nyingi, na nashangaa kuona vyumba vipya vikijengwa bila kuufuata.

Hapa nakuomba usikilize kwa makini. Kuna watu wanaoipasua enaji seva, wanatenga mrija na saketi yake, kisha wanaviunganisha kwa nyaya ndefu. Usifanye hivyo. Kapasita iliyomo huhifadhi zaidi ya volti 300 na inaweza kuendelea kuzishika hata baada ya balbu kuchomolewa. Umeme unaokwenda kwenye mrija hubadilika zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, na ukirefusha nyaya hovyo taa inaweza kukataa kuwaka, au saketi ikaungua. Mrija ukivunjika mkononi, unatoa mvuke wa zebaki. Zipo balbu zilizotengenezwa tangu kiwandani zikiwa na pini, zisizo na choki ndani. Hizo ndizo za kufunga, zikiwa na choki yake pembeni na urefu wa waya uliotajwa na mtengenezaji.

Choki ikishatoka, bado mrija wenyewe uko juu ya chupa. Na chini ya chupa pia, kwa sababu taa ya rafu ya chini hupasha ubao wa rafu iliyo juu yake. Hapo ndipo hasara isiyoonekana kwenye bili ya umeme inapotokea. Kitako cha chupa kinapata moto, kifuniko kinabaki baridi. Maji yaliyo kwenye chakula huvukizwa, hupanda, hugeuka matone kwenye kifuniko na kudondokea majani. Miche inalowa, inavimba, inakuwa laini na ya kung'aa kama kioo, na ikitolewa nje kupandwa kwenye udongo inakauka. Taa zinapozimwa usiku, hewa ndani ya chupa hupoa na kusinyaa, kisha huvuta hewa ya nje kupitia mwanya wa kifuniko. Hewa hiyo huja na vimelea vya ukungu. Asubuhi mtumishi wa maabara anakuta utando mweupe juu ya kazi yake ya miezi mitatu, halafu analaumiwa kwamba hakunawa mikono vizuri.

Dawa yake ni rahisi. Ng'oa ubao, weka rafu za wavu wa chuma ili hewa ipite. Inua chupa kidogo, pawe na nafasi kati yake na taa ya chini. Feni ndogo ya kupitisha hewa kwenye mstari wa taa, ikiielekeza mlangoni au kwenye tundu la kutolea hewa, inatumia umeme kidogo mno. Tena mrija wa aina hii ukipata moto kupita kiasi hutoa mwanga hafifu, kwa hiyo kuupoza kunamrudishia mwenye chumba mwanga aliokwisha kuulipia. Anayeotesha mboga nyumbani afanye vivyo hivyo: aache mlango wa kabati wazi, na balbu azilaze ubavu, maana balbu ikining'inia kitako juu joto la mrija hupanda moja kwa moja kwenye saketi na kuiua mapema.

Haya yote ni kwa taa ulizonazo sasa. Za kununua kesho ni habari nyingine. Chini ya Mkataba wa Minamata, ambao unadhibiti zebaki duniani, nchi wanachama zilikubaliana mwaka 2022 kwamba enaji seva za kawaida zisitengenezwe, zisiingizwe wala zisiuzwe nje baada ya 2025, na mwaka uliofuata zikaweka 2027 kuwa mwisho wa taa za mirija zilizobaki. Pendekezo hilo lilitoka kwa nchi za Afrika. Nalifurahia, kwa sababu bila ukomo huo, mizigo iliyokataliwa kwingine ingeshushwa kwenye bandari zetu.

Taa ya LED hutoa mwanga ule ule kwa karibu nusu ya umeme, na joto la chumba hupungua kwa kiasi hicho hicho. Lakini nayo ina kisanduku chake cha kubadilishia umeme, na kisanduku hicho hupata moto. Ukizinunua, chagua zile ambazo kisanduku chake hutengana na taa, ukifunge korido. Balbu za zamani usizitupe jalalani. Zifunge nzima kwenye boksi zilimonunuliwa, uziweke mbali na watoto, na uwaulize maofisa wa mazingira wa halmashauri yako zinapokelewa wapi.