Mchumba Ana Haki ya Kuambiwa



Mliponialika kuzungumza juu ya afya na uchumba, bila shaka wengi wenu mlitazamia kwamba ningezungumza juu ya Ukimwi. Juu ya gonjwa hilo taifa letu limejifunza kusema. Mwaka 1999 Rais Benjamin Mkapa alilitangaza kuwa janga la taifa, na mwaka 2007 Rais Jakaya Kikwete alipima virusi vyake hadharani. Leo si ajabu wachumba kwenda kupima pamoja kabla ya ndoa.

Lakini vipo virusi vingine ambavyo bado tunavinyamazia, navyo ni vya homa ya ini aina ya B. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na virusi hivi mwilini kwa muda mrefu, na kwamba katika mwaka huo huo watu milioni 1.1 walikufa kwa sababu yake, wengi wao kwa ini kuharibika au kwa saratani ya ini.

Ndugu zangu, tumchukue mwalimu kijana aliyekwenda kuchangia damu. Damu yake inapimwa, kisha anaitwa na kuambiwa kwamba ana virusi hivyo. Hana homa, haumwi, jana alifundisha vipindi vyake vyote. Jioni anaporudi nyumbani haliwazi ini lake. Anamwaza mchumba wake. Nafsi moja inamwambia: mwambie. Nyingine inamwambia: ukimwambia atakuacha, na usipomwambia, ni nani atakayejua?

Sisi tusio na mzigo huo ni rahisi kumhukumu. Hofu yake ni ya kweli. Hata hivyo, nasema kwamba anapaswa kumwambia, na kumwambia kabla hawajakutana kimwili. Sababu zangu ni mbili.

Ya kwanza ni kwamba homa ya ini aina ya B ina chanjo. Mtu mzima huchomwa sindano tatu kwa muda wa miezi sita, na wengi wanaozimaliza hupata kinga. Hapa nchini chanjo hii iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga mwaka 2002. Basi sisi tuliozaliwa kabla ya mwaka huo hatukuipata utotoni, na wengi wetu hatujapata kuitafuta ukubwani. Kwa hiyo anayemficha mchumba wake hafichi habari tu. Anamnyima kinga ambayo angeweza kuipata. Na kwa kuwa sindano hizo zinachukua miezi sita, neno linalosemwa mapema lina faida kubwa kuliko neno lile lile likisemwa baada ya harusi.

Ya pili ni watoto. Mama mwenye virusi anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua, na mtoto aliyeambukizwa hivyo yumo katika hatari kubwa mno: kati ya watoto kumi wa namna hiyo, tisa hivi hubaki na virusi kwa muda mrefu, ambapo kwa watu wazima wanaoambukizwa hawazidi watano katika mia. Lakini daktari akijua mapema, zipo dawa za kumpa mama mjamzito, na mtoto huchanjwa ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Yote hayo hayawezekani pale ambapo siri imetangulia.

Takwimu hizo zinatufundisha jambo jingine. Wengi wanaoishi na virusi hivi walivipata wakiwa wachanga au watoto wadogo. Kuwa navyo, basi, si ushahidi wa uasherati. Anayeambiwa asikimbilie kuuliza, "Ulivipata kwa nani?" Huenda jibu ni kwamba alizaliwa navyo.

Sasa, aseme namna gani? Achague wakati wa utulivu, wakiwa wawili tu, wala asingoje mahari itolewe. Aseme kwa maneno machache: "Nimepimwa, nimekutwa na virusi vya homa ya ini. Vinaambukiza kwa damu na kwa kujamiiana. Havipiti katika chakula, wala katika kupeana mikono. Chanjo ipo. Nakuomba twende pamoja kwa daktari, nawe ukapime." Kisha anyamaze, ampe mwenzake nafasi ya kufikiri. Mchumba akipimwa na kukutwa hana virusi wala kinga, achanjwe; na mpaka kinga ithibitike, watumie kondomu, wala wasichangie wembe au mswaki. Mwenye virusi naye aendelee kuonana na daktari hata kama hajisikii vibaya, kwa maana zipo dawa za kuvidhibiti kwa wale wanaozihitaji.

Je, mchumba akiondoka? Anayo haki hiyo, na itauma. Lakini aliyebaki kwa kudanganywa hakuchagua kubaki. Ndoa inayosimama juu ya siri itaanguka siku ya kipimo cha kwanza cha kliniki, nao wahenga walikwisha kuonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Ndugu Mwenyekiti, katika ahadi za mwanachama imo ile ya kusema kweli daima na kuifanya fitina kuwa mwiko. Mara nyingi tunaitaja kama ahadi moja, lakini ina pande mbili, na kila upande una mwenyewe. Kusema kweli ni wajibu wa mwenye virusi. Mwiko wa fitina ni wajibu wa aliyeambiwa, na wetu sote. Siri aliyopewa mchumba isije ikasikika kesho katika chumba cha walimu, na keshokutwa katika masijala ya wilaya. Kila anaposengenywa mmoja aliyesema kweli, wengine kumi wenye mzigo kama wake huapa kunyamaza.

Tukitaka watu waseme, basi sisi tuwe watu wanaoweza kuambiwa.