Nchi Jirani: Mpira, Koleo na Mkia wa Kondoo



Mazungumzo ya leo yanavuka mpaka na kuingia Kenya, si kwa habari za mikutano, bali kwa jambo la zizini. Katika nyanda za juu za Molo na Nyandarua wakulima wadogo hufuga kondoo wa sufu. Mikia yao mirefu huchafuka kinyesi, ikakaribisha nzi na funza. Hapo kukata mkia kuna sababu. Lakini ukishuka Kajiado utamkuta kondoo mwekundu wa Kimaasai, yule yule wa Longido kwetu. Mkia wake ni ghala la mafuta ya kumvusha kiangazi. Kumkata huyo eti kwa kuwa jirani amekata ni kuiga bila kupima.

Zamani kazi hiyo, pamoja na kuhasi madume, ilikuwa ya kisu. Siku hizi upo mpira mnene wa duara, na lipo koleo la Burdizo liponalo mishipa ya korodani pasipo kupasua ngozi. Mpira huzuia damu, na sehemu iliyo chini yake hukauka ikaanguka baada ya majuma kadhaa. Kwa kuwa damu haimwagiki, wengi hudhani hakuna maumivu. Sivyo. Mtazameni mwana-kondoo aliyevishwa mpira: hulala, huinuka, hupiga mateke, hujipinda. Watafiti wa Edinburgh, huko Uskoti, walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba kubana kwa koleo mara baada ya kuvisha mpira huponda mishipa ya fahamu na kupunguza mateso hayo. Mwaka 2019 Australia ilianza kuuziwa chombo kinachovisha mpira na kuchoma ganzi kwa pamoja. Mfugaji wetu mdogo asikingojee hicho, koleo analo.

Lililo kubwa ni umri. Mpira uvishwe katika juma la kwanza, mtoto akiwa amekwisha kunyonya dang'a. Uingereza hairuhusu mpira baada ya siku 7 pasipo ganzi. Mkia ubakizwe wa kufunika tundu la haja na uke; ukifupishwa mno, utumbo huweza kutokeza nje. Na pepopunda huua pale nyama inapokufa chini ya mpira, kwa hiyo mama achanjwe kabla ya kuzaa.

Askari polisi wakumbuke kwamba Kenya inayo Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, nasi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kwa ninyi mnaofuga kambini au nyumbani, liko swali la kujiuliza kabla ya kushika koleo. Dume atakayeuzwa kabla hajabalehe hana haja ya kuhasiwa. Mtengeni na majike, naye atakua upesi kuliko aliyehasiwa.