Mkufu wa Zamani Ufumue Kwanza
(Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya swala ya alasiri, Loitokitok)



Baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumswalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), nawashukuru viongozi wa jumuiya kwa kunipa nafasi hii. Tuko na swaumu, sitawachosha. Na wewe ndugu msomaji ambaye hukuwepo siku ile, soma kama uliyekaa nasi mkekani.

Waliposikia mada yangu ni mapambo ya mitumba, wengine walicheka. Ati binti wa chuo kikuu amekosa la kusema Ramadhani! Lakini tazama: Idd inakaribia, dada anatafuta kidani, kaka anatafuta pete ya fedha, na mfukoni hakuna kitu. Tutaishia wapi kama si sokoni, kuchakura?

Mwaka jana nikiwa likizoni, siku ya soko hapa kwetu, nilikuta kwa mama mmoja muuza mikoba kopo la maziwa limejaa shanga na mikufu iliyokatika. Mkufu mmoja ulikuwa na jiwe la buluu inayokaribia zambarau. Moyo ukanidunda. Sisi watu wa hapa tunajua kwamba nyuma ya huu mlima wetu, upande wa Simanjiro, kuko Mererani, ambako tanzanaiti inachimbwa tangu ilipogunduliwa mwaka 1967, na duniani haichimbwi kwingine. Nikasema haya basi, rizki imekuja. Nikauliza bei huku najifanya sijali. Mama akasema kopo lote shilingi 200. Nikalipa, nikanyamaza, nikaondoka mbio.

Nyumbani nikaufumua. Jiwe lile nililolitolea macho nikaliweka chini ya lenzi ya kukuza mara kumi: ndani mna viputo vya hewa. Kioo! Lakini kile kifungo kidogo cha nyuma, kimejaa uchafu, kilikuwa na alama ya 750. Hiyo ni dhahabu ya karati 18.

Hapo nikakumbuka hadithi tuliyosoma madrasa, iliyopokewa na Imamu Muslim. Sahaba Fadhala bin Ubayd (R.A.) alinunua mkufu siku ya Khaybar, mwaka wa 7 Hijria, kwa dinari 12. Ulikuwa na dhahabu na vito. Alipoutenganisha akakuta dhahabu yake peke yake inazidi dinari 12. Dinari ni kama gramu 4.25, kwa hivyo hapo pana zaidi ya gramu 50. Alipomweleza Mtume (S.A.W.), alifundishwa kwamba mkufu kama huo hauuzwi mpaka utenganishwe.

Sasa usiniharakishe. Hukumu ile ni ya dhahabu kwa dhahabu, mlango wa ribaa, na mimi nililipa shilingi. Nilimuuliza ustadhi wangu, akasema uuzaji umesihi. Kisha akaniuliza: "Na ulipodhani ni tanzanaiti, ulinyamaza kwa nini?" Sikuwa na jibu. Siku ya soko iliyofuata nilirudi kwa yule mama. Alicheka mpaka akakaa chini. Kopo lote alilikusanya kutoka mifuko ya mikoba yake, hata hakulijua. Akasema nikauze kile kifungo, tugawane nusu kwa nusu. Nilikiuza kwa sonara Kitengela nikirudi chuoni, na nusu yake nikamtumia kwa simu. Tangu siku hiyo akipata kipande ananiwekea.

Basi ukichakura, tazama alama kwanza. 375 ni karati 9, 585 ni 14, 750 ni 18, 916 ni 22, na 925 ni fedha. Alama huweza kughushiwa, kwa hivyo kitu kizito mpelekee sonara akipime kwa tindikali. Sumaku ikivuta, hicho si dhahabu wala fedha. Isipovuta bado hujajua kitu, maana hata shaba haivutwi. Plastiki ukiiweka shavuni hupata joto upesi, jiwe hukaa baridi, ila kioo nacho ni baridi, usijidanganye kama mimi. Jiwe lililoshikwa kwa kucha za chuma litikise karibu na sikio. Likilia, kucha zimelegea.

Kuosha ni maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini. Lulu, marijani, feruzi na kaharabu usiziloweke, na usizitie siki. Tanzanaiti haipendi joto la ghafla. Fundi akitaka kulehemu pete, mwambie atoe jiwe kwanza, moto utalipasua.

Kutengeneza upya si elimu ngeni hapa. Mama wa Kimaasai ukimletea ushanga uliokatika atakuuliza tu unataka rangi gani zikae pamoja. Mpe zile akiki zako zenye matundu akuungie. Lulu zifungiwe fundo baina ya moja na nyingine, ili uzi ukikatika ianguke moja tu. Hereni iliyopotelewa na mwenzake inafaa kuwa kidani. Na kaka zangu, dhahabu kwenu ni haramu, lakini jiwe la hereni ya mama linaweza kukaa kwenye pete ya fedha; Anas (R.A.) amesimulia kuwa pete ya Mtume (S.A.W.) ilikuwa ya fedha na jiwe lake la Kihabeshi.

Mtu akikuletea mpakani mawe ghafi kwenye karatasi, achana naye. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inataka kibali kwa anayeyafanyia biashara.

Hapa ndipo nataka mnisikilize sana. Sonara anakwambia: "Lete ile dhahabu ya zamani, ongeza elfu nne, chukua hii mpya." Wengi tumefanya. Hiyo ni dhahabu kwa dhahabu bila usawa, ribaa yenyewe. Bilal (R.A.) alibadilisha tende mbovu pishi mbili kwa nzuri pishi moja, Mtume (S.A.W.) akamkataza, akamwelekeza auze zile mbovu kwanza, kisha thamani yake anunulie nzuri. Nawe uza ya zamani, pokea pesa mkononi, halafu ndipo ununue. Sonara atanung'unika, mwache anung'unike.

Zaka nayo: vito vyenyewe havina zaka kama si vya biashara. Dhahabu inayovaliwa, Mashafii wengi hawaitolei, Mahanafi wanaitoa ikifika nisabu, gramu 85. Muulize ustadhi wako, mimi bado mwanafunzi.

Jumamosi baada ya alasiri nitakuja na lenzi, sumaku na mizani ndogo. Njoo na kopo lako. Na kama ulilinunua kwa mtu, jaribu kukumbuka ni nani.

Wabillahi tawfiq.