Mwanafunzi Abaki Gulwe
Mhadhara wa umma kuhusu kusomea uzamili wa tiba ya usemi na lugha kwa njia ya mtandao



Mihadhara ya namna hii imezoea kumbi za mjini. Huu niliomba utolewe hapa Gulwe kwa sababu unamhusu mtu anayeishi mahali kama hapa: muuguzi wa zahanati, mwalimu wa shule ya msingi, tabibu wa kituo cha afya, ambaye angependa kusomea tiba ya usemi na lugha lakini hawezi kuacha kazi na watoto akaenda kukaa ughaibuni miaka miwili. Msimamo wangu nausema mapema. Shahada ya uzamili ya fani hii inaweza kusomwa kwa mtandao kutoka Gulwe, na ni vizuri isomwe hivyo. Lakini saa za mazoezi lazima zifanyike huku huku, kwa watu wa huku, kwa lugha zao. Zikifanyika kwingine, wilaya yetu ya Mpwapwa itapata mtu mwenye cheti kizuri asiyejua aanzie wapi na mtoto wa kwanza atakayeletwa mbele yake.

Watoto hao mnawajua. Yupo aliyefika miaka minne bado anaonesha kwa kidole kila anachokitaka, na nyumbani wanasema ataongea tu, mbona hata baba yake alichelewa. Yupo aliyezaliwa na mdomo na kaakaa wazi, akashonwa vizuri, lakini maneno yake bado yanapitia puani na wenzake darasani hawamwelewi. Yupo mwenye utindio wa ubongo anayepaliwa kila akilishwa uji, na mama yake anakula mwisho, uji ukiwa umeshapoa, kwa sababu kumlisha huyu mmoja kunachukua asubuhi yote. Na si watoto peke yao. Yupo mzee aliyepata kiharusi, akili yake iko palepale, anawatambua wajukuu wote, ila majina yao hayatoki. Watu hawa wote ni wa mtaalamu mmoja, yule wa usemi na lugha, ambaye kazi yake inaanzia kwenye kumeza na kufika hadi kwenye kutunga sentensi. Kwa kuwa huku hayupo, wazazi wanajitafutia njia. Wengine huambiwa wampeleke mtoto akakatwe kimeo. Nasema hili bila kumlaumu mzazi yeyote: kukata kimeo hakumfundishi mtoto kuongea, kunamwachia kidonda kooni, na mtoto anaweza kuvuja damu nyingi au kupata maambukizi.

Fani yenyewe kwetu ni changa. Afrika Kusini walianza kuifundisha miaka ya 1930. Kwa Afrika Mashariki shahada ya kwanza ya tiba ya usemi na lugha ilianzishwa Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2008. Kwetu, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina shahada ya kwanza inayounganisha usikivu na usemi. Haja ya wataalamu hao ilikuwa imeshaonekana mwaka 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipoanza kupandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto viziwi. Upasuaji ule huchukua saa chache. Baada yake mtoto anahitaji miezi na miaka ya kufundishwa kusikia, na kusikia kukimwingia, afundishwe kusema. Daktari bingwa anamaliza kazi yake Dar es Salaam, halafu mtoto anarudi nyumbani Mpwapwa, Bahi au Kondoa, na huko ndiko anakomhitaji mtu wa kukaa naye.

Sasa tuzungumzie mtandao. Marekani, ambako fani hii huingiwa kwa shahada ya uzamili, vipo vyuo vinavyoifundisha kwa mtandao, na kijana mwenye kishikwambi anaweza kudhani mlango uko wazi. Namshauri asome masharti kwanza. Chama cha wataalamu wa fani hiyo kule, ASHA, kilichoanzishwa mwaka 1925, kinadai saa 400 za mazoezi kabla ya mtu kuthibitishwa: 25 za kuangalia wengine wakifanya kazi na 375 za kushughulika na wagonjwa. Kati ya hizo ni 75 tu zinazoweza kufanywa kwa wagonjwa wa kuigiza kwenye kompyuta. Msimamizi mwenye cheti anatakiwa amwangalie mwanafunzi kwa angalau robo ya muda anaokuwa na kila mgonjwa. Baada ya hapo kuna mtihani wa taifa na kipindi cha kazi chini ya uangalizi, kisichopungua wiki 36. Kwa hiyo shahada inayoitwa ya mtandaoni ni ya mtandaoni upande wa mihadhara tu. Nusu yake ya pili inafanyika ndani ya chumba, watu wawili wakitazamana, na vyuo vingi vinataka chumba hicho kiwe nchini mwao.

Hata mihadhara yenyewe ina gharama isiyoandikwa kwenye tangazo. Kipindi cha moja kwa moja kinachoanza saa moja usiku New York, hapa kinaanza saa nane au saa tisa usiku, kutegemea majira yao. Muuguzi aliyeshinda kliniki ya wajawazito atatakiwa awe macho, bando lipo, umeme upo, afuate somo la neva za ulimi hadi alfajiri, halafu saa moja na nusu asubuhi arudi kazini. Wapo watakaoweza. Ninawaheshimu, lakini mpango wa taifa hauwezi kutegemea watu wasiolala.

Mfano wa kutusaidia tunao nyumbani. Kwa Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi iliamua watoto wote waanze shule, na walimu hawakuwepo. Kuanzia mwaka 1976 vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafundishwa ualimu wakiwa vijijini: masomo kwa posta, vipindi vya redio, mkufunzi anayezungukia shule zao, kazi ya kufundisha kila siku, na mwishoni wiki chache za kukaa chuoni. Waliohitimu kwa njia hiyo walikuwa zaidi ya 35,000. Wengi mlioketi hapa mlifundishwa kusoma na mwalimu wa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, UPE. Walisemwa sana, na ni kweli kwamba maandalizi yao yalikuwa mafupi. Lakini mpango ule ulijua kwamba redio inaweza kubeba somo, haiwezi kubeba darasa, kwa hiyo darasa likaachwa kijijini na mkufunzi akafuata huko huko. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, kimeonesha kwamba hata shahada za juu zinaweza kumfikia mtu aliye mikoani. Kwa fani hii tunachokosa ni mkufunzi anayezunguka.

Nikae kidogo kwenye lugha, maana hapo ndipo shahada ya kigeni ikisomwa peke yake inapompotosha mwanafunzi. Vitabu vya Kiingereza humfundisha kwamba mtoto wa miaka miwili anatakiwa awe anaunganisha maneno mawili. Kanuni hiyo ina maana kwenye lugha yao. Mtoto wetu akisema "nitakupa" ametamka neno moja, na ndani yake wamo mtendaji, wakati ujao, mtendwa na kitendo. Akisema "takupa", ameacha kiungo kimoja na amebakiza vitatu. Huyo utamhesabia maneno mangapi? Mtafiti Kamil Ud Deen alifuatilia watoto wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili, akachapisha kitabu mwaka 2005, na alichokieleza ndicho hicho: watoto wadogo huangusha kiambishi cha mtendaji, au cha wakati, au vyote viwili, na wanafanya hivyo kwa utaratibu unaofuatika. Mwanafunzi asiyelijua hilo anaweza kumwandika mgonjwa mtoto mzima kabisa. Anaweza pia kumwacha mwenye tatizo kweli, kwa sababu neno lake moja ni refu.

Kule Kilifi, Katie Alcock na wenzake walitengeneza orodha za maneno ya watoto wadogo kwa Kiswahili na Kigiriama, zikachapishwa mwaka 2015. Hawakutafsiri karatasi ya Kimarekani wakampa mzazi ajaze. Walikaa na walezi, wakawauliza kwa mdomo mtoto anaelewa nini na anasema nini, vitu vyenyewe vikiwa vya kwao. Kwa Kigogo, lugha ya hapa, kazi kama hiyo inangoja mtu, na atakayeifanya vizuri ni yule aliyelala na kuamka na Kigogo.

Chukueni sauti zenyewe. Kigogo kina sauti za puani zinazotoka na pumzi, zile zinazoandikwa kwa mh, nh na ng'h, kama kwenye majina ya mahali: Mhamvwa, Nhinhi, Ng'hong'onha. Mtu wa hapa hazioni kuwa kitu. Sasa mtoto wa Kigogo aliyeshonwa kaakaa analetwa kwa mtaalamu aliyefunzwa kwamba pumzi inayovuja puani wakati wa kusema ni dalili ya kaakaa lisilofunga. Pumzi ipi ni ya lugha na ipi ni ya jeraha? Jibu halimo kwenye kitabu chochote nilichowahi kumpa mwanafunzi. Limo kwenye masikio ya bibi yake mtoto huyo, na ya mwanafunzi aliyekulia Gulwe.

Vivyo hivyo kwenye kumeza. Hospitali za nchi tajiri hutumia unga wa dukani kuongezea uzito vinywaji vya mgonjwa anayepaliwa. Huku unga huo ni ghali, tena haupatikani. Lakini upo utaratibu wa kimataifa, IDDSI, unaopanga vyakula na vinywaji kwa ngazi, kuanzia 0 hadi 7, na kipimo chake cha vinywaji kinahitaji bomba la sindano la mililita 10 na saa ya kuhesabu sekunde 10. Unajaza, unaachia, unatazama kiasi gani kimebaki. Uji wa uwele unapimika hivyo. Uji wa mtama pia. Mlenda una tabia yake, unateleza kwa namna ambayo waliotunga vipimo hawakuifikiria, na ningependa kuona tasnifu ya uzamili inayopima mlenda wa kila aina unaopikwa wilaya hii na kusema upi unamfaa mgonjwa gani. Hiyo ni sayansi kamili, na maabara yake ni jiko la nyumbani.

Na kuimba. Mwaka 1973 watafiti wa Boston walieleza njia ya kumrudishia usemi mtu aliyeupoteza kwa kiharusi kwa kuanza na misemo mifupi inayoimbwa, kwa sababu wagonjwa wengi wasioweza kusema neno bado wanaweza kuimba wimbo. Njia hiyo haimfai kila mgonjwa. Hata hivyo hii ndiyo nchi iliyomlea mwanamuziki wa Kigogo Hukwe Zawose, nchi ambayo watu wanapokezana sauti tangu utotoni, ngomani na kwaya ya kanisani. Mtaalamu anayezijua nyimbo za mgonjwa wake ana pa kuanzia.

Ndiyo maana napendekeza chuo chetu kimoja kianzishe uzamili wa mchanganyiko: mihadhara kwa mtandao, jioni ya saa zetu, irekodiwe kwa ajili ya siku ambazo mtandao umekatika, vipindi vya kukaa pamoja Muhimbili na Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma, na sehemu kubwa ya saa za mazoezi wilayani anakofanyia kazi mwanafunzi. Wasimamizi wachache tulionao waangalie kwa video, mzazi akishakubali kwa maandishi na video ikifutwa kazi ikiisha, kisha wafike wenyewe mara kwa mara. Kufika kumekuwa rahisi kuliko zamani. Reli ya zamani iliyokamilishwa hadi Kigoma mwaka 1914 imekuwa ikikatwa na mafuriko mara nyingi kati ya Kilosa na hapa. Reli mpya ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, inapita hapa hapa Gulwe. Vifaa pia vimeanza kuwepo, kwa kuwa vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu.

Kwa asiyeweza kungoja na anataka kusoma chuo cha nje sasa, nina maombi mawili. Kabla hujalipa hata senti, iulize Tume ya Vyuo Vikuu kama shahada hiyo itatambuliwa hapa nchini ukirudi nayo. Na kiulize chuo, kwa maandishi, kama kitakubali saa za mazoezi zilizofanyika Mpwapwa chini ya msimamizi aliyeko Tanzania. Kikikataa, tafuta kingine.

Kwa wenzangu watakaoandika mtaala, fomu ya saa za mazoezi iwe na safu ya lugha. Kila saa iandikwe imefanyika kwa Kiswahili, Kigogo, Kikaguru au lugha ya alama, na asihitimu mtu ambaye saa zake zote ni za Kiswahili ilhali wagonjwa wa wilaya yake wanalia, wanaota na wanaomba maji kwa Kigogo.