Kujifungua Si Mwisho wa Sukari

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Babati)



Mimi si daktari. Ni mtumishi wa serikali hapa Babati. Huenda mkashangaa kwamba mbele ya wanaume watupu nimechagua kusema juu ya kisukari cha mimba. Sababu iko nyumbani kwangu.

Mke wangu alipokuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili, alipimwa akakutwa na sukari. Alijifungua salama, sukari ikashuka, tukaambiwa imekwisha. Nikaifungia kadi ya kliniki kabatini. Miaka minane baadaye aliumwa kichwa siku nyingi. Alipopimwa, presha ilikuwa juu na sukari imerudi.

Ndipo mganga mmoja aliponieleza. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini. Mwili usioweza kuongeza insulini ya kutosha huzidiwa, na sukari hupanda, mara nyingi kuanzia wiki ya 24. Kondo likitoka, sukari hushuka. Lakini udhaifu uliofichuliwa na mimba hubaki mwilini. Sukari na presha hujeruhi ukuta wa ndani wa mishipa ya damu, mishipa hukakamaa, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi.

Uchambuzi wa tafiti kadhaa uliotolewa mwaka 2019, uliohusu wanawake zaidi ya milioni 5, ulionyesha kuwa mama aliyepata kisukari cha mimba ana hatari ya maradhi ya moyo na kiharusi mara mbili ya mwenzake. Hata yule ambaye kisukari hakikumrudia, hatari yake bado ni kubwa kuliko ya wengine.

Kwa hiyo mama apimwe sukari tena kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, kisha angalau kila miaka 3, maisha yake yote. Presha nayo ipimwe. Kunyonyesha, kutembea na kula kwa kiasi humsaidia.

Ndugu zangu, nauli ya kwenda kupima mara nyingi imo mifukoni mwetu. Mimi nilikuwa nayo. Sikujua kwamba ilihitajika. Ninyi leo mmejua. Nanyi vijana, mkienda likizo, wafikishieni wazazi habari hii.