Mabinti wa Barabara Kuu

Msikilizaji, Juni 2019 tume ya uchunguzi ya Canada ilitoa ripoti yake kuhusu wanawake na wasichana wa jamii za asili waliouawa au kupotea. Baadhi yao walipotelea kwenye Barabara Kuu namba 16, huko British Columbia. Watu wanaiita Barabara ya Machozi.

Nasi tuna barabara. Mkata, Segera, Korogwe: hapo ndipo mabinti wa Kizigua na Kisambaa hupandia mabasi ya Dar es Salaam kwenda kufanya kazi za ndani. Wengi hufika salama na kutuma fedha nyumbani. Lakini wapo ambao simu zao huzimika, mama akabaki na maneno matatu tu: "Kwa mama fulani." Mtaa haujui, mjumbe hamjui. Akifika kituo cha polisi aandikishe nini?

Wazazi siwalaumu, shida inawasukuma. Namlaumu dalali anayeondoka na mtoto wa watu bila kuacha hata anwani, halafu sisi tunamwita msamaria. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu tunayo tangu 2008. Kumchukua binti kwa hadaa ili akatumikishwe ni jinai, hata kama aliyemchukua ni shangazi yake.

Kabla basi halijaondoka, mwenyekiti wa kitongoji aandike daftarini jina la mwajiri, namba yake ya NIDA, simu na mtaa. Binti akinyamaza, mzazi aende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku hiyohiyo, asingoje mwezi uishe. Kwa mtoto, piga 116. Ni bure.